Karti grafiki mbili mu mashini moja: namna ya kujua ile iko na nguvu ya kweli

Jambo yenu bandugu. Hii juma kijana mmoja wa hapa Lubumbashi, yeye anafanyaka video za ndoa na mangaribi anacheza gemu sawa bote, alikuja ku atelie yangu na karti grafiki (ile inachora picha unaona ku ekra) mbili za okazio mu sashe moja, GeForce GTX 1060 ya giga 6 na Radeon RX 580 ya giga 8. Muuzishi mmoja alimwachia hii, mwingine alimwachia ile, mpaka kesho yake asubui, bei karibu sawasawa, na ulizo lake lilikuwa fupi: yaya, nikamate ile gani? Nilimwambia keti, tutazipima zote mbili. Ile tulifanya usiku ule njo niko nawaandikia hapa, juu ninaonaka bantu mingi banapoteza mafranka ku kitu kimoja tu, banasoma jina ku kartoni na banaamini.

Anza na karatasi lakini usimalizie pale. RX 580 ilitoka mwezi wa 4 mwaka 2017, iko na viini 2304, vile vidogo-vidogo vinavyohesabu picha. GTX 1060 ya giga 6 ilitoka mwezi wa 7 mwaka 2016 na iko na viini 1280. Ukipiga hesabu ya teraflopsi (mahesabu ngapi karti inaweza kufanya kwa segonde, kwa mabilioni elfu) unapata 6.2 ku Radeon na 4.4 ku GeForce, muntu anaona ile anasema basi Radeon inapita kwa 40 kwa mia, imekwisha. Hapana. Mu gemu hizi karti mbili zinakimbia karibu bega kwa bega, Radeon inatangulia kidogo mu gemu za Vulkan na DirectX 12 (hizo ni njia gemu inatumia kwa kuongea na karti), GeForce inajitetea vizuri mu zile za zamani za DirectX 11. Juu Radeon ni ya kampuni AMD, GeForce ni ya Nvidia, na kiini cha AMD si kiini cha Nvidia, kila mmoja anatengeneza kwa namna yake na anatumikisha kwa namna yake. Ni sawa meka za unga za bauzishi babili ku soko, ukihesabu meka bila kuangalia ukubwa wa ile meka haujajua uko na unga ngapi.

Zile namba zinasaidia sana kama karti zote mbili ni za kampuni moja na kizazi kimoja. Mufano GTX 1060 ya giga 3 na ya giga 6, bantu banafikiri tofauti ni memwari tu, kumbe ya giga 3 iko na viini 1152, walipunguza na nguvu pia. GT 1030 njo mbaya zaidi, kuko ya memwari ya GDDR5 inayopitisha giga 48 kwa segonde na kuko ingine ya DDR4 inayopitisha 16.8 tu, jina ni moja, kartoni karibu moja, lakini nguvu haiko moja hata kidogo. Kwa hiyo kila mara uliza aina ya memwari na upana wa njia yake, ile data inapitia. Hesabu yake ni rahisi: kamata upana wa njia kwa biti, gawa kwa 8, zidisha kwa mwendo wa memwari, ile ku hizi karti mbili ni gigabiti 8 kwa segonde. RX 580 iko na biti 256, gawa kwa 8 unapata 32, zidisha kwa 8, ni giga 256 kwa segonde. GTX 1060 iko na biti 192, kwa hesabu ile ile ni giga 192.

Sasa mbele ya kupima kitu chochote, hakikisha karti ni ile inasema ni yenyewe. Hapa ninaomba musiharakishe. Pakua GPU-Z, ni programu ndogo na ni ya bure, fungua, angalia fasi ya viini, aina ya memwari, upana wa njia. RX 580 ya kweli inaonyesha 2304. Kuko ingine ilitengenezwa kwa soko la China inaitwa RX 580 2048SP, iko na viini 2048 sawa RX 570, lakini ku kartoni ile 580 iko kubwa na ile 2048SP iko kadogo mu kona ao haiko kabisa. Mimi ilinifikia, zamani kidogo, nilimununulia kliyanti mmoja karti nikiwa na imani na muuzishi, nilifika ku nyumba nikafungua GPU-Z nikakuta 2048, na mwenye kuuzisha alikwisha kubadirisha namba ya simu. Nililipa ile tofauti kutoka mu mufuko yangu, juu kliyanti aliamini mimi. Tangu siku ile silipe mbele ya kuona.

Na kuko za uongo kabisa, karti za zamani sana ambazo walibadirisha biosi yake (programu ndogo ya ndani ya karti) ili Windows ione jina jipya, mashini inakuambia GTX 1050 Ti lakini ndani muko chipu ya GTS 450 ya mwaka 2010. GPU-Z tangu 2018 inajua kukamata nyingi za vile, inaandika FAKE mbele ya jina. Kama muuzishi anakataa uweke GPU-Z ku mashini yake, acha iyo karti na uende.

Tuingie mu mashini. Kanuni ya kwanza: karti zote mbili zipimwe mu mashini moja, siku moja. Prosesere ile ile, barete za memwari zile zile, alimantasio ile ile, ekra ile ile. Ukipima moja kwako na ingine kwa rafiki mwenye prosesere ya nguvu, hauko unapima karti tena, uko unapima mashini ya rafiki. Ninasema ivi juu kila siku mutu ananionyesha video ya YouTube yenye prosesere ya dola 400 na anataka apate FPS (hesabu ya picha kwa segonde) zile zile ku mashini yake ya ofisi ya mwaka 2013.

Piloti, ile programu inafanya Windows itumikishe karti. Kama unatoka AMD unaenda Nvidia, ao kinyume, usiache piloti ya zamani ndani. Tumia programu inaitwa Display Driver Uninstaller, wengi banaandika DDU, ingia Windows mu mode ya usalama, safisha, zima mashini, chomoa kabo ya kuran, badirisha karti, washa tena kiisha weka piloti mupya. Chomoa intaneti wakati wa kusafisha, kama hapana Windows itakimbia kutafuta piloti yake yenyewe mbele yako. Na fikiria mega: piloti moja inapita mega 500 na hapa utahitaji mbili, kwa hiyo zipakue zote mbele ya kuanza, weka ku fulashi. Sisi tulifanya ile hesabu mangaribi mapema, na vizuri, juu baadaye rezo ilikuwa nzito.

Wakati uko unaweka karti angalia vitu vitatu. Iweke mu porti ndefu ya juu kabisa, karibu na prosesere, mu karti mama mingi ile ya chini iko ndefu kwa macho lakini ndani iko na njia 4 tu. Kabo ya ekra iingie ku karti grafiki, si ku karti mama. Musicheke, nilikwisha kuona muntu anapima siku mbili na anashangaa karti zote mbili zinatoa namba moja, kumbe ekra ilikuwa inachotwa ku grafiki ndogo ya prosesere. Ya tatu, kabo za kuran: porti ya karti mama inatoa wati 75, kabo ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. GTX 1060 kwa kawaida inaomba pini 6 moja, RX 580 inaomba pini 8 na zingine banaongeza hata 6 juu. Kama alimantasio yako haina ile kabo, usitumie adaptatere ya bei chini ya soko ku alimantasio ya zamani, ni namna ya kuunguza mashini.

Kiisha rudia ku GPU-Z, angalia fasi inaandika Bus Interface. Pale utaona kitu sawa PCIe x16 3.0 @ x16 1.1 na utaogopa. Usiogope, karti ikipumuzika inajishusha mwendo. Bonyeza kale kaalama ka ulizo pembeni, washa kale katesti, na namba inapaswa kupanda. Kama inabakia x4 ao x8 mu karti ya x16, toa karti, pangusa meno yake na alkoli, rudisha vizuri mpaka ilie.

Tayarisha uwanja sasa. Zima V-Sync, zima kizuizi chochote cha FPS mu gemu na mu piloti, weka Windows ku nguvu ya juu, funga navigatere na zile programu zinajifungua zenyewe, zima Windows Update. V-Sync njo inadanganya bantu kuliko kitu chochote: ekra ya 60 hertzi, gemu inajifunga ku 60, karti zote mbili zinaonyesha 60 na muntu anatangaza eti ziko sawa. Haziko sawa, moja inatumika kwa jasho na ingine inalala. Rezolusio na reglaji ziwe moja kabisa, na uziweke kwa mukono, usiache gemu ichague, juu gemu ikiona karti ya giga 8 inaweza kupandisha yenyewe ubora wa picha bila kukuambia.

Kwa kusoma namba weka MSI Afterburner na ile RivaTuner inakujaka pamoja nayo, ao CapFrameX kama unapenda kuona ma grafiki ya kuchora. Yote ni ya bure. Weka ku kona ya ekra: FPS, asilimia ya kazi ya karti, asilimia ya kazi ya prosesere, joto, frekansi, memwari.

Hapa njo moyo wa mambo kwa hiyo nitakawia kidogo. Kila muntu anaulizaka FPS ya katikati. Ile ni namba moja na inaficha mingi. Tuseme karti ya kwanza inatoa 72 ya katikati na ya pili inatoa 66. Utasema ya kwanza inashinda. Lakini kuko namba ingine, asilimia 1 ya chini, maana yake unakamata picha zote, unachagua zile zilichelewa zaidi, moja kwa kila mia, na unaangalia hizo zinaenda kwa mwendo gani. Kama ya kwanza iko na 38 pale na ya pili iko na 55, basi ya pili njo macho na mukono vitapenda, juu ya kwanza inakimbia kiisha inashtuka, inakimbia, inashtuka, na ile kushtuka njo inakufanya ukose goli. Waza kwa wakati: FPS 60 maana yake kila picha inakuja kisha milisegonde 16.7, FPS 30 ni 33.3. Gemu ikiwa inakupa 16, 16, 16, halafu 50, katikati yake itabakia nzuri ku karatasi lakini wewe utasikia lile gonga. Na usichanganye programu mbili mu kupima, moja inahesabu ile asilimia 1 kwa namna yake na ingine kwa namna ingine.

Ile asilimia ya kazi ya karti pia usiiache. Ikiwa 95 mpaka 99, karti njo inafika ku mwisho wa nguvu, testi ni ya kweli. Ikiwa 60 ao 70 na hakuna kizuizi cha FPS, prosesere njo inachelewesha, na karti yoyote utaweka pale itatoa namba karibu ile ile. Ukiona vile pandisha rezolusio ao ubora wa picha mpaka karti itoke jasho, kiisha pima tena. Lakini andika ile matokeo ya kwanza pia, juu inakuambia jambo la maana: ku mashini yako karti ya nguvu zaidi haitakusaidia mpaka ubadirishe prosesere.

Testi zenyewe. Kamata moja ya kutengenezwa kwa kupima tu, sawa Unigine Superposition ao 3DMark, juu inarudia picha zile zile kila mara. Kiisha kamata gemu zile unacheza wewe. GTA V iko na testi yake ndani, Shadow of the Tomb Raider na Cyberpunk 2077 pia, hizo ni rahisi. Kama gemu yako haina, chagua njia moja, kutoka fasi fulani mpaka fasi fulani, dakika moja hivi, na upite pale pale kila mara bila kupigana na muntu. Kila testi mara tatu. Ile ya kwanza itupe, juu mara ya kwanza gemu iko inatayarisha vitu vyake na inakwama-kwama bila kosa ya karti. Kama mara mbili zinazobakia zinapishana sana, kuko kitu kinasumbua nyuma, tafuta kwanza.

Na usipime karti ikiwa baridi. Iache itumike dakika 15 ku kazi nzito ndipo uanze kuandika. GTX 1060 ikikaribia digri 83 inaanza kujishusha frekansi yenyewe ili isiungue, na hapa kwetu ni jambo kubwa. Mwezi wa 6 na wa 7 Lubumbashi usiku ni baridi, karti inapumua vizuri, namba ni nzuri, muuzishi anakuonyesha na anacheka. Njoo mwezi wa 10, muchana joto inapita digri 30 mu nyumba ya mabati, karti ile ile inaanza kulemewa. Kwa hiyo zipime zote mbili kwa joto moja, usipime moja saa sita ya muchana na ingine saa sita ya usiku. Vumbi yetu nyekundu pia. Ile Radeon ilipofika kwangu mapezi yake yalikuwa yamefungwa kabisa, nilifungua, nikapuliza, nikabadirisha pati ya termiki (ile inasaidia joto itoke mu chipu) ku zote mbili, ndipo tukapima. Wengine watasema unapaswa kupima sawa ilivyo. Mimi ninasema hapana, vumbi si karti, vumbi inatoka kwa dakika kumi. Lakini pima joto mbele na nyuma, juu kama baada ya kusafisha bado inapanda haraka, pengine ilitumika miaka mu kuchimba sarafu za kripto na vantilatere zake zimechoka.

Kuran. Huku kwetu huwezi kupima karti bila kupima kuran. Ku karatasi GTX 1060 ni wati 120, RX 580 ni 185. Usilinganishe ile wati programu inakuonyesha, juu Nvidia inaonyesha karti nzima na zile Radeon za kizazi hiki zinaonyesha chipu tu, utafikiri Radeon inakula kidogo. Nunua ka watimetri kadogo ka kuchomeka ku pristi, soma mashini nzima ikiwa mu kazi, na karti hii na karti ile. Tofauti ya wati 65 kwa masaa 5 ni watisaa 325. Batri ya volti 12 na ampesaa 100 ku karatasi iko na watisaa 1200, basi zaidi ya robo yake imeenda ku tofauti tu. Mwenye kutumia sola ao batri na konvertisere anaelewa bila kumwelezea. Na ondilere ndogo ya 650 VA yenye kubeba mashini na ekra inaweza kukubali karti moja na kulia ku ingine mara tu kuran inakatika, sisi tulijaribu ile makusudi, tukachomoa mu ukuta katikati ya gemu. Na 1060 ilibakia ikawaka. Na 580 ondilere ililia na mashini ikazimika.

Kama hauchezi tu, pima na kazi yako. Kijana wangu anatoaka filme za ndoa za masaa mawili, kwa hiyo tulikamata kipande kimoja cha dakika tano, reglaji moja, tukahesabu dakika za kutoa kwa kila karti na kroniometre ya simu. Kwa Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, jibu liko wazi zaidi: tangu toleo la 3.0, mwisho wa 2021, waliondoa OpenCL, njia ile RX 580 ilikuwa inapitia, na RX 580 haiwezi tena kusaidia Cycles, ile sehemu ya Blender inayotoa picha, prosesere inabakia peke yake. Nvidia inapita pale kwa CUDA, njia yake yenyewe. Kwa ubaya wake GTX 1060 iko na giga 6 tu, na reglaji za picha nzito zinajaza ile haraka, na giga ikijaa ile asilimia 1 ya chini inaanguka sana. Pale Radeon na giga 8 zake inakaa imara, na tuliona vile kwa macho yetu. Tena Nvidia ilimaliza piloti za gemu mupya kwa kizazi cha 1060 mwezi wa 10 mwaka 2025, inabakia marekebisho ya usalama tu, na AMD nayo ilikwisha kuweka 580 pembeni ya karti zake za sasa, kwa hiyo upande ule hakuna wa kumucheka mwenzake.

Hesabu ya mwisho, kwa mafranka. Tofauti ya namba igawe vizuri: 75 juu ya 60 ni 25 kwa mia zaidi, lakini 60 chini ya 75 ni 20 kwa mia tu, bauzishi banachagua ile inawafaa. Kiisha gawa bei kwa FPS. Dola 90 kwa FPS 72 ni 1.25, dola 80 kwa FPS 66 ni 1.21, karibu sawa. Lakini kama ile ya kwanza inakuomba alimantasio mupya ya dola 35, sasa ni 125 kwa 72, ni 1.74. Ile dola 35 haikuandikwa ku kartoni.

Tuliandika yote ku kaye, ukurasa mmoja kwa karti moja, saa saba ya usiku ikatukuta pale. Mu gemu Radeon ilitangulia kidogo, na ku reglaji za juu ilitangulia kwa uwazi. Kama angekuwa anacheza tu na kuran yake iko imara, ningemwambia akamate ile bila kufikiri. Lakini yeye kwake iko ondilere ndogo, alimantasio yenye pini 6 moja, na harusi tatu za kumaliza mbele ya mwisho wa mwezi. Asubui alirudisha Radeon kwa mwenyewe, safi, na pati mupya, na akalipa GeForce.